Surua ya Aika

Jumatatu, 4 Februari 1974

Nimefungua duka saa mbili. Mgao wa sufuria haujafika tena. Nina mabakuli ya bati, ndoo chache, na vifuniko visivyo na sufuria zake. Mteja mmoja nimemwambia anunue kifuniko kwanza, sufuria itamfuata. Hakucheka. Vumbi la ujenzi wa soko jipya linaingia mpaka kwenye kikombe cha chai.

Aika kaamka shavu la kulia limevimba. Matumbwitumbwi. Mama yake kampaka masizi ya chungu, kamfunga kitambaa kupitia kidevuni. Amejitazama kwenye kioo akacheka mpaka mdogo wake naye akacheka bila kujua kinachochekwa. Mani ana miezi tisa, anacheka chochote.

Alhamisi, 7 Februari

Masizi tena. Matumbwitumbwi ya watoto wa jirani yalikuwa na homa na yalipungua mapema. Haya hayana homa na yanakua. Sipendi. Mama Aika anasema nimeanza kuwa na wasiwasi kama ajuza. Haya.

Sukari hakuna. Foleni ilifika mpaka kona, ikaishia kwenye mlango uliofungwa.

Jumapili, 10 Februari

Baada ya ibada Aika alikuwa anakula ndizi ya kuchemsha. Akatoa jino mdomoni. Gego, la nyuma kabisa. Kalitoa kama mtu anayetema mfupa wa samaki, hakulia. Na lililo jirani yake linacheza.

Mtoto wa miaka sita anang'oka meno ya mbele. Hilo hata mimi muuza ndoo nalijua.

Jumanne, 12 Februari

Jicho la kulia linasukumwa juu. Asubuhi nimemwosha masizi yote kwa sabuni, daktari asije akatuona washenzi. Nimemsugua hadi akalia. Halafu nimembeba kuvuka viwanja vya Mnazi Mmoja mpaka hospitali, mtoto mkubwa, watu wanatutazama.

Daktari wa watoto ni mwanamke wa Bukoba, mdogo kwangu kwa umri. Alianza kwa kumtania Aika. Akaingiza kidole mdomoni, akapapasa taya, akapapasa tumbo. Akaacha kutania. Hapo ndipo nilipoogopa. Wamemlaza leo hii hii, kitanda kimoja na mtoto mwingine, kichwa huku na miguu kule.

Jumamosi, 16 Februari

Walikata kinyama kidogo wakakipima. Leo nimeitwa. Saratani ya taya.

Nilimwambia daktari saratani ni ya wazee. Akasema hii ni ya watoto, na inakua upesi kuliko zote anazozijua. Nikamuuliza kwa nini wangu. Akavuta kiti. Anasema wataalamu wanaamini kuna kirusi ndani yake, mdudu mdogo kuliko wadudu wote wa maradhi. Karibu kila mtu anacho, mimi ninacho, yeye anacho, tumekipata utotoni kwa mate tu, na hakitufanyi chochote. Lakini mtoto akipigwa na malaria mara kwa mara, kinga yake inachoka, na kile kirusi kinapata nafasi ya kuzivuruga chembe za damu. Zinaanza kuzaana bila breki. Anasema huku pwani kwenye mbu wanauona ugonjwa huu. Kwetu Kilimanjaro, juu kwenye baridi, ni nadra.

Hilo la mwisho bora asingeniambia. Mimi ndiye niliyewateremsha kutoka mlimani nije kuuza mabakuli.

Dawa ipo. Inaingia mshipani, nywele zinanyonyoka, mtoto anatapika, lakini uvimbe huyeyuka na wengine hupona kabisa. Ipo duniani, si hospitalini. Imeisha. Nyingine imo melini.

Jumatatu, 18 Februari

Nimegombana na Mama Aika. Nimesema jambo baya. Alipokuwa mchanga Aika alitafuniwa, kama watoto wote wa kwetu: mama anatafuna ndizi, anaitia mdomoni mwa mtoto. Nikamwambia, mate yako hayo. Ndiyo yaliyompa.

Akauliza mimi nilitafuniwa na nani.

Mama yangu alinitafunia. Nilijua hivyo nilipokuwa nasema. Nilitaka tu awepo wa kulaumiwa, na yeye ndiye aliyekuwa karibu.

Jumatano, 20 Februari

Bandarini mchana kutwa. Meli iko nje, inasubiri zamu ya gati. Meli ni nyingi, shehena ya Zambia yote inapita hapa. Nina mtu wa kwetu kule, karani, tulibatizwa kanisa moja. Kanionyesha kwa kidole: ile yenye bomba jeusi. Dawa ya mwanangu iko pale naiona, nami nimesimama juani na kofia mkononi. Nilitamani kuogelea.

Jioni wodini. Aika hafungi mdomo tena. Uji unamtoka. Anauliza lini atarudi nyumbani kucheza na Mani. Nikamwambia meli ikifika. Akauliza kama atapanda meli.

Jumamosi, 23 Februari

Meli bado.

Yule mtoto aliyekuwa akilala na Aika kitanda kimoja amehamishwa. Macho mekundu, mafua, vipele. Surua. Tangu Aika alazwe wamekuwa wakipumuliana usoni. Nimemuuliza muuguzi itakuwaje. Akasema tuombe Mungu. Nimelipa kodi ya serikali na sadaka ya kanisa, nadhani naombewa kila upande, lakini sioni nafuu.

Jumanne, 26 Februari

Aika ana homa. Macho yanachuruzika. Anakohoa, na kila akikohoa anashika taya kwa mikono miwili. Daktari kamtazama ndani ya shavu la kushoto kwa tochi, akaona vidoa vyeupe vya surua, akazima tochi. Akaniambia wazi: mtoto mwenye saratani akipata surua ni hatari sana, wengi hufa. Wataanza kumchoma sindano za kuzuia mapafu yasishikwe.

Mama Aika alisikia neno sindano.

Jumatano, 27 Februari

Tumemtorosha.

Kila mwanamke anajua, kwetu na hapa Dar, Mkristo na Mwislamu: surua haichomwi sindano. Ukiichoma inarudi ndani, inamuua mtoto. Mama Aika aliniambia hivyo usiku kucha bila kupandisha sauti. Daktari alisema atakufa. Dawa haipo. Basi kama ni kufa, akafie kwa watu wake, asife na sindano mwilini. Saa ya kutazama wagonjwa nimeingia na kapu, nimetoka na mtoto amefunikwa khanga begani, kama mtoto niliyekuja naye. Mlinzi kanisalimia. Nimemwitikia vizuri.

Vipele vimetoka usoni jioni hii. Chumba chetu ni kimoja nyuma ya duka. Tumetundika blanketi dirishani, kuwe giza.

Alhamisi, 28 Februari

Mama Kanti kashuka. Ni mjane wa Kihindi wa ghorofa ya juu, nyumba ilikuwa ya mumewe kabla ya serikali kuichukua, sasa ni mpangaji kama sisi. Kaleta majani ya mwarobaini, kayapanga juu ya mlango na kitandani. Kwao surua ni Mama, mungu wa kike aliyekuja kutembea, hupaswi kumuudhi. Kasema tusikaange kitu humu ndani, tusipige kelele, tumheshimu mpaka aondoke mwenyewe. Nikamwambia mafuta ya kukaangia hayapatikani hata hivyo. Kacheka kidogo.

Halafu kanivuta nje. Nipe mdogo, akasema, nitakaa naye juu mpaka huyu apone. Nikamshukuru. Nikamwambia ananyonya bado. Kweli ananyonya. Lakini pia niliona aibu, mwanangu akalelewe na watu wengine kama yatima.

Jumamosi, 2 Machi

Vipele vimemjaa hadi nyayo. Homa kali. Anaweweseka, anaita majina ya wateja.

Naandika hiki polepole maana sikiamini. Jicho limeshuka. Jana lilikuwa linatazama dari, leo linanitazama mimi. Nimeleta taa karibu. Ngozi ya shavu, iliyokuwa imenyooka inang'aa, imeanza kukunjamana.

Mama Aika kapiga magoti pale pale sakafuni.

Jumapili, 3 Machi

Uvimbe unapungua. Si macho yangu tu. Mama Kanti kaja akatazama, akaweka viganja pamoja.

Mama Aika kamlaza Mani kitanda kimoja na dada yake. Kasema surua lazima aipate siku moja, wote huipata, basi na aipate hii. Hii ni ya heri. Hii imetumwa. Kuliko ile ya mtaani inayoua. Wanawake wengi hufanya hivyo, wanawaweka watoto pamoja ili ipite mara moja.

Aliniuliza. Nilisema sawa.

Jumatano, 6 Machi

Homa imekwisha. Aika kala uji bakuli zima, na mdomo unafunga. Ngozi inabambuka kama chokaa ya ukuta. Taya limebaki na uvimbe mdogo, kama ana pipi shavuni. Nimefungua duka nikiimba. Mteja wa kwanza kaniuliza mgao umefika? Nikamwambia ndiyo.

Ijumaa, 8 Machi

Daktari kaja mwenyewe. Kauliza nyumba kwa balozi wa nyumba kumi, mtaa mzima ukajua. Nilikuwa tayari kwa matusi. Nilikuwa na yangu pia: wewe ulisema atakufa.

Hakutukana. Alimshika Aika taya. Alipapasa kushoto, kulia, akarudia kulia. Alimfumbua mdomo kwenye mwanga wa mlangoni. Halafu akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, katikati ya duka, na mkoba magotini. Akasema aliwahi kusikia jambo hili linatokea, hakutegemea kuliona.

Nikataka anieleze. Anasema surua nayo ni kirusi. Huingia ndani ya chembe za mwili, huzaana humo, huzipasua. Huenda safari hii imezikuta chembe za uvimbe na kuzipasua hizo. Au homa imeiamsha kinga ya mwili ikamwona adui ambaye ilikuwa haimwoni. Hajui. Hakuna anayejua bado. Nimeelewa hivi: mwizi kaingia nyumba ya mwizi. Anasema huenda siku moja wataalamu watafuga virusi makusudi vikaue saratani, kama mtu anavyofuga paka. Si leo. Na mtu asithubutu kumpa mtoto surua akidhani ni dawa, kwa sababu kwa kila mmoja anayepona kama Aika inazika wengi.

Meli imefunga gati. Dawa iko hospitalini. Mlete, akasema, uvimbe huu umejificha, haujafa. Chembe chache zikibaki zitarudi, na surua haiji mara mbili.

Halafu akamwona Mani mgongoni kwa mama yake. Akauliza yeye na dada yake walikuwa wanalala wapi.

Mama Aika akaikaza mbeleko. Daktari hakuuliza tena. Akasema Mani akipata homa tumlete siku hiyo hiyo, tusingoje vipele.

Jumapili, 10 Machi

Ibada ya shukrani. Aika kavaa gauni jeupe. Mchungaji kamsimamisha mbele. Watu wamelia, mimi pia. Nimetoa sadaka ya kunitosha kununua sufuria, kama zingekuwepo.

Njiani nikamgusia mama yake habari ya dawa ya mshipani. Kasema Mungu amemaliza kazi, sisi twende tukamkosoe? Mtoto akatapike, anyonyoke nywele, kwa ugonjwa ambao hana? Sikubisha. Ukweli ni kwamba nilifurahi. Sitaki kuiona wodi ile tena maisha yangu yote.

Jumatano, 13 Machi

Mani ana mafua. Macho mekundu kidogo.

Huenda ni vumbi la ujenzi.

Ijumaa, 15 Machi

Si vumbi. Mama Aika anatabasamu, anasema imekuja, ipite salama. Nilimkumbusha neno la daktari. Kasema watamchoma sindano. Surua hii tunaijua, tumeiona kwa dada yake. Blanketi limerudi dirishani. Mama Kanti kaleta mwarobaini, akauacha mlangoni bila salamu.

Jumamosi, 16 Machi

Anapumua kama mbwa aliyekimbia. Hanyonyi. Nimesema tunaenda hospitali, mama yake kasema kesho asubuhi, vipele vimalize kutoka. Nikakubali kesho.

Jumapili, 17 Machi

Nimemchukua bila kuuliza mtu. Nimekimbia Mnazi Mmoja yote. Kulikuwa na mkutano, bendera, watu wamejaa, nikapita katikati yao napiga kelele wanipishe. Wamempa hewa. Wamemchoma sindano. Mama yake kafika nyuma yangu, kaona sindano, akageukia ukuta.

Jumatatu, 18 Machi

Mani amefariki saa nne asubuhi.

Jumatano, 20 Machi

Tumemzika jana hapa hapa mjini. Sikuwa na uwezo wa kumpeleka mlimani, kwenye kihamba, shamba la ukoo, chini ya migomba, walipo babu zake. Mchanga wa huku haushiki, unaporomoka kwenye shimo wakati unachimba. Watu wengi walikuja. Wenye maduka walifunga, Wachaga, Waswahili na Wahindi. Mama Kanti alikaa chini na wanawake wetu, na anaumwa magoti.

Daktari alikuja matangani. Nilimchukia kwa kuja na ningemchukia kwa kutokuja.

Ijumaa, 22 Machi

Sifungui duka. Nakaa ndani ya duka lililofungwa.

Aika kaacha kucheza. Anamtazama mama yake.

Najaribu kuishukuru surua na siwezi. Najaribu kuilaani, na yule pale mwanangu anafunga mdomo, anakula, macho yote mawili yananitazama. Ni ile ile. Ilitoka kwa huyu ikaenda kwa huyu, kitanda kimoja. Haikutumwa. Haijui watoto wangu ni akina nani.

Jumapili, 24 Machi

Leo nimemwambia Mama Aika. Aika anakwenda kwenye dawa kesho. Taya ni laini, hakuna kitu, nimelipapasa mpaka kakasirika. Anakwenda hivyo hivyo. Simwachi mikononi mwa kitu kilichomuua Mani.

Mama Aika hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Kasema, kama Aika hajapona, basi Mani amekufa bure.

Nilikaa. Hilo ndilo lililokuwa limemshika siku zote hizi. Nilidhani ni imani, kumbe ni hesabu, mmoja kwa mmoja. Nami nilikuwa nayo hiyo hiyo. Nikamwambia Mani amekufa bure hata Aika akiishi miaka mia. Nikasema tulimlaza pale sisi, mimi na yeye, kwa kupenda, na hakuna kilichonunuliwa. Sijui nilipata wapi ukatili wa kusema hivyo.

Alilia mara ya kwanza tangu msiba. Mimi pia. Baadaye kaniuliza dawa inaingia mkono gani.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua imeanza. Tumekwenda watatu, chini ya turubai la duka.

Daktari hakutuuliza kwa nini tumechelewa. Kapapasa taya, akasema bado ni laini, tumekuja wakati mzuri. Itakuwa mara nyingi, si leo tu. Atanyonyoka nywele. Mama yake kasema nywele zinaota.

Muuguzi alikuwa anatayarisha chupa. Aika akanivuta shati niiname. Akaninong'oneza sikioni, mama yake asisikie: surua ya Mani ilitoka kwake?

Nikamwambia hapana. Ilikuwa ya mtaani.

Alinitazama kwa macho yote mawili. Halafu akamnyooshea muuguzi mkono.